UKUBWA WA JIMBO NA BEI YA SUKARI



Mbunge asimamapo Bungeni kujadili ushuru wa sukari ya nje, humsemea nani? Jimbo la Mumias Mashariki, lenye watu wachache kuliko Westlands, humfunga mbunge wake kwa miwa. Asipodai ulinzi, kiti kimemponyoka. Wa Westlands hana budi kumpima mnunuzi wa kilo moja pale Kangemi na mwagizaji bidhaa wa Parklands.

Lakini mizani hiyo ilipindwa. Katika hesabu ya watu ya 2009, Dagoretti ilikuwa na watu zaidi ya 300,000; Lamu Mashariki, chini ya 20,000. Kila moja ilikuwa na kura moja Bungeni. Sauti ya mlaji wa Kawangware ikamezwa.

Mwaka 2013 majimbo ya Nairobi yaliongezeka kutoka 8 hadi 17, kati ya 290. Katiba yataka mipaka ipitiwe kabla ya miaka 12 kwisha. Muda huo ulikwisha Machi 2024 bila mapitio.

Ndugu zetu, wakulima si adui zetu. Tunadai mipaka ya haki, ili mkulima na mlaji wasikizwe kwa uzito ulio sawa. Vyama vingi bila kura sawa ni mageuzi nusu.