Ni Nani Atakayeitunza Bustani?



Wakati wa masika, mtaro wa maji nyuma ya nyumba yangu hapa Mbaraki uliziba. Juma zima nilinung'unika: "Wahusika wako wapi?" Mtoto wa jirani akashikwa na kuhara, ndipo nikatwaa jembe. Ilikuwa kazi ya saa mbili tu. Niliona haya.

Wako waliotutangulia kulijua jambo hili. Ukivuka feri ya Likoni na kushika njia ya kusini, utafika Gazi. Zamani mikoko ya huko ilikatwa sana kwa kuni na boriti. Tangu mwaka 2013 wenyeji wa Gazi na Makongeni hulinda hekta 117 za mikoko, katika mradi uitwao Mikoko Pamoja. Watu wa mbali huwalipa kwa kuwa mikoko huihifadhi hewa ya ukaa. Msitu ni wa Serikali, lakini wanakijiji huchagua kamati yao na kuamua wenyewe fedha zitumikeje. Wakachagua maji safi na vitabu vya shule. Basi mti uliolindwa pwani umekuwa maji katika mtungi wa mama.

Ndugu zangu, someni Mwanzo 2:15. Adamu hakuwekwa bustanini aketi kivulini, alipewa kazi. Je, wewe unamngoja nani? Mtaro ulio mlangoni pako nao ni sehemu ya bustani.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe manung'uniko yetu, utupe mikono ya kutunza. Amina.