Mnada wa Korosho Uingie Darasani: Kuwapata Wanafunzi wa Uchumi Tusiowatarajia

Mada kwa semina ya walimu wa sekondari, Lisekese, Masasi



Kila mwaka ifikapo Oktoba, Masasi na Newala huingia msimu. Mkulima anapeleka korosho chama cha msingi, zinapimwa, zinapangwa daraja, zinasafirishwa hadi ghala kuu. Wanunuzi wanataja bei, na wakulima wanakaa mnadani kukubali au kukataa. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani uliingia kwenye korosho msimu wa 2007/08, kwa hiyo watoto tulio nao madarasani leo wamezaliwa wakaukuta. Wanayajua makato. Wanajua kwa nini nyumbani kuna ukimya siku mzigo unapotajwa kuwa wa daraja la pili. Lakini wakifika kidato cha nne na kujaza Selform, fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, wengi wao huipita tahasusi yenye uchumi kana kwamba haiwahusu.

Tukiulizana ni mwanafunzi gani tunayemshauri asome uchumi, tutajikuta tunamtaja yuleyule: mvulana, hodari wa hisabati, mara nyingi mtoto wa mtumishi wa mjini. Binti wa mkulima anayesoma shule ya kata hatumtaji. Hoja yangu ni kwamba huyu hakulikataa somo. Hakuwahi kuonyeshwa.

Mpangilio wenyewe wa masomo umechangia. Uchumi kama somo huanza kidato cha tano, kwenye tahasusi kama EGM, HGE na ECA. Chini ya hapo, kwa miaka mingi, kulikuwa na masomo ya biashara na utunzaji wa vitabu vya hesabu, ambayo shule nyingi za kata hazikuwa na mwalimu wa kuyafundisha. Mtaala uliotokana na Sera ya Elimu toleo la 2023 umelipa somo la biashara nafasi kubwa zaidi sekondari ya chini, nami naufurahia. Ila mtaala hauwezi kumchagulia mwalimu mfano wa kutoa. Ukifundisha soko kwa mfano wa kiwanda cha magari, mtoto wa Lisekese atakariri kwa ajili ya mtihani, basi.

Chukueni kangomba, yaani uuzaji wa korosho nje ya mfumo rasmi. Mzazi ana shida mwezi wa pili, ada au ugonjwa, anaiuza korosho hata mikorosho haijatoa maua. Tuseme amepewa shilingi 1,000 kwa kila kilo atakayovuna, na msimu ukifika kilo inauzwa 2,500. Mwambie mwanafunzi wa kidato cha pili akokotoe: amekopa 1,000, amelipa kitu cha thamani ya 2,500, yaani riba ya asilimia 150 kwa miezi isiyofika kumi. Kisha uliza swali gumu zaidi: kama riba ni kubwa hivi, na biashara yenyewe imepigwa marufuku, kwa nini watu wazima wenye akili zao wanarudi tena mwaka unaofuata? Hapo darasa litazungumzia mikopo isiyopatikana, dhamana, hatari ya mvua na ya ugonjwa wa ubwiriunga, na thamani ya fedha ya leo ikilinganishwa na ya kesho. Huo ni uchumi kamili. Na aghalabu atakayejibu vizuri ni yule ambaye kwao wameshawahi kuuza kangomba, siyo mwenye alama kubwa.

Au chukueni mwaka 2018. Wakulima walizikataa bei za mnada, na Novemba Serikali ikatangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mizigo. Nani alibeba gharama ya ghala? Bei ya Vietnam na India, zinakokwenda korosho zetu nyingi ghafi, ilikuwa na nguvu gani hapa? Wazee nao wanakumbuka anguko la zamani: kutoka takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikaachwa nyuma, bei ya mkulima ikawa ndogo, ugonjwa ukaingia. Mwanafunzi anayeweza kumhoji babu yake kuhusu hayo ana maktaba nyumbani.

Kuhusu wasichana nitasema wazi. Hisabati ndiyo inayowatoa, na sisi walimu tunawatoa mapema kwa maneno. Elinor Ostrom wa Marekani alizuiwa kusoma trigonometria sekondari kwa sababu ni msichana. Baadaye, kwa upungufu huohuo wa hisabati, alinyimwa nafasi ya udaktari wa uchumi, akasoma sayansi ya siasa. Mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, kwa kazi yake kuhusu namna jamii zinavyosimamia zenyewe misitu, maji na malisho. Binti wa uwanda wa Makonde, anayejua maji yanapatikana kwa shida gani, angemwelewa haraka. Hata Uingereza tatizo lipo: chama cha wanauchumi, Royal Economic Society, kilianzisha kampeni ya kuwavuta wasichana na wanafunzi wa shule za serikali.

Wasioona nao huambiwa uchumi una michoro mingi. Mkunjo wa mahitaji unaweza kutengenezwa kwa uzi na misumari juu ya ubao, ukasomwa kwa vidole.

Lugha pia. Mtihani ni wa Kiingereza, hilo halibadiliki kesho. Lakini mjadala wa kangomba uanze kwa Kiswahili, hoja ikomae, ndipo msamiati wa mtihani uingie. Tukianza na msamiati, wanaozungumza watakuwa watatu.

Ninapendekeza msimu huu kila shule ya Lisekese iombe chama cha msingi kilicho jirani kiwapokee wanafunzi wa kidato cha tatu siku ya mnada, wasichana na wavulana kwa idadi sawa, wachaguliwe bila kuangalia alama za hisabati. Warudi na bei zote zilizotajwa, makato yote, na sababu za wakulima kukubali au kukataa. Mwalimu wa hisabati na wa biashara wazifanyie kazi takwimu hizo pamoja nao hadi Desemba. Mwakani, Selform zikishajazwa, tukutane tena tuhesabu ni wangapi wameandika tahasusi ya uchumi, na wametoka kwenye nyumba zipi.