Kaseti Zilizo Sandukuni
(Mazungumzo na akina mama na vijana wa vikundi)



Mama yangu alipofariki aliniachia kaseti moja, akieleza jinsi kikundi chao kilivyochimba kisima. Siku moja niliiweka kwenye redio ili tuihamishe kwenye kompyuta. Mpwa wangu, kwa haraka zake, akabonyeza kitufe cha kurekodi badala ya kile cha kucheza. Tulipogundua, dakika mbili za sauti ya mama zilikuwa zimefutika. Hazirudi tena.

Kwa hivyo kabla ya yote, itazame kaseti kwenye ukingo wa nyuma, ule usioonyesha utepe. Kuna vijiplastiki viwili. Vivunje! Redio haitakubali tena kurekodi juu yake. Halafu usianze na kaseti unayoipenda. Redio zetu hizi kuukuu hula utepe, kwa hiyo zijaribu kwa kaseti isiyo na maana. Safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti. Utepe ukilegea, ukaze kwa penseli, kama tulivyokuwa tukifanya zamani.

Waya hutoka kwenye tundu la kusikilizia la redio na kuingia kwenye kompyuta. Programu ya Audacity hupatikana bure, nayo inatosha. Sauti ya redio iwe ya kadiri, maana ikizidi hukwaruza, na mkwaruzo huo hauondoki. Njia ya mkato hakuna: kaseti ya dakika 60 itachukua dakika 60, na lazima uigeuze upande wa pili.

Hifadhi kwanza faili ya WAV. Ni kubwa, karibu megabaiti 10 kwa kila dakika, lakini hiyo ndiyo mbegu. Ile ndogo ya MP3 ndiyo ya kula, itumeni kwenye simu mpendavyo. Mbegu iwekeni mahali pawili, nyumba mbili tofauti. Na kaseti yenyewe usiitupe.

Vijana, hapa ndipo mnapowahitaji wazee. Kompyuta haijui ni nani anayekohoa kabla ya kusema. Keti na nyanya, mwulize huyu ni nani, walikuwa wapi, mwaka gani, kisha andika kwenye jina la faili. Nyanya akishaondoka, itabaki sauti isiyo na mwenyewe.

Jumamosi leteni kaseti zenu. Spiriti na pamba nitakuja nazo.