Kulandanisha Ramani za Karagwe na Kyerwa: Majina ya Mahali katika Uchakataji wa Taswira kwa Kompyuta



Anayetafiti majina ya mahali ya Karagwe na Kyerwa hukutana na ramani za vizazi vitatu ambazo hazikai sawasawa moja juu ya nyingine. Ya kwanza ilitokana na safari ya John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliofika kwa Mukama Rumanyika mwezi Novemba 1861. Ya pili ni ya Wajerumani, ya skeli ya 1:300,000, iliyoanzishwa na Richard Kiepert, ikaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, na kuchapishwa Berlin na Dietrich Reimer. Ya tatu ni laha za serikali za 1:50,000. Zikishaskaniwa, zote hugeuka safu za pikseli, na hapo ndipo mtafiti hushawishika kuamini kwamba kazi iliyobaki ni ya mashine.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kulandanisha taswira ni tendo la usomaji, la jamii moja na kazi ya mhakiki anayelinganisha nakala za utenzi mmoja. Mashine hupiga hesabu. Ushahidi wa kupigia hesabu huchaguliwa na msomaji.

Kwanza istilahi. Kitenzi “kulinganisha” hakitoshi, kwani mtu anaweza kulinganisha vitu viwili bila kuvisogeza. “Kunyoosha” hufaa kwa laha iliyoingia kwenye skana ikiwa imepinda, na si zaidi. “Kulandanisha” ndicho kinachotumika hapa, ijapokuwa “kupatanisha” kingesema ukweli zaidi, maana ramani hizi zina ugomvi wa kweli.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuueleza. Karatasi hunywea na kutanuka kwa unyevu, tena si kwa kiasi kimoja pande zote. Ramani iliyokunjwa miaka mingi huvimba kwenye mikunjo. Mchakataji huchagua nukta dhibiti, yaani mahali panapotambulika katika taswira zote mbili, kisha programu hutafuta mgeuzo unaozipeleka nukta za taswira moja kwenye nafasi zake katika nyingine. Mgeuzo wa mstari, unaoruhusu kusogeza, kuzungusha, kutanua na kulaza, una vigezo 6, hivyo huhitaji nukta 3. Polinomia ya daraja la pili huhitaji nukta 6, na ya daraja la tatu nukta 10.

Hapa pana mtego. Anayeweka nukta 3 tu katika mgeuzo wa mstari ataonyeshwa kosa la sifuri, hata kama nukta moja ameiweka mahali pasipo pake kabisa, mradi nukta hizo zisiwe katika mstari mmoja. Programu haikusema kwamba ramani ni sahihi. Imesema tu kwamba haikubakiwa na shahidi wa kuhoji. Shahidi wa nne ndiye anayeanza kufichua uongo.

Vipimo navyo visipuuzwe. Laha ya Kijerumani ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, pikseli moja hufunika takriban mita 25 za ardhi. Laha za 1:50,000 zimejengwa juu ya datumu ya Arc 1960, ilhali picha za setilaiti hutumia WGS 84, na tofauti ya mifumo hiyo katika eneo hili ni kama mita 300 kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Umbali huo ni milimita 1 tu katika ramani ya Wajerumani, lakini ni milimita 6 katika laha ya 1:50,000.

Je, nukta dhibiti zitoke wapi? Kagera ni mto wenye mizunguko na vinamasi. Kingo zake si za kuaminiwa kwa mita. Vilele vya vilima ni bora. Barabara za leo hazimo katika ramani za kale. Basi mtafiti huangukia majina, na hapo isimu huingia kazini, iitwe au isiitwe.

Tahajia ya Kijerumani huandika *j* pale Runyambo lina *y*, na *sch* pale lina *sh*; kwa desturi hiyo mtu atazamie Nyaishozi katika umbo kama Njaischosi. Hilo ni jepesi, kanuni chache hulitatua. Gumu ni jina moja lenye mahali pawili. Isingiro ipo Kyerwa. Isingiro nyingine ipo Uganda, ng’ambo ya Kagera. Songambele ya Kyerwa ni jina la Kiswahili lililokaa kati ya majina kama Nkwenda na Nyaruzumbura, na lina wajina katika mikoa mingine ya Tanzania. Tena kuna majina yaliyobeba sarufi: Omurushaka, huko Karagwe, limeanza na kiambishi cha mahali *omu-*. Mchora ramani asiyelijua Runyambo aweza kukiacha au kukirudia, na kompyuta inayolinganisha herufi itaona miji miwili.

Ziwa ni hatari zaidi. Speke aliliita ziwa lililo karibu na ikulu ya Rumanyika “Little Windermere”, kwa kukumbuka Uingereza. Wahaya nao huliita Ziwa Viktoria Lweru, na umbo la jamii hiyo, Rweru, ni jina la ziwa lililo mpakani mwa Rwanda na Burundi. Anayeona “Rweru” katika ramani ya msafiri asikimbilie kulifanya nukta dhibiti kwa sababu ya jina tu.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi nukta hazichaguliwi kwa mkono. Ni kweli: mbinu ya David Lowe iitwayo SIFT, iliyotolewa mwaka 1999, hutambua alama zinazofanana katika taswira mbili, na RANSAC ya Fischler na Bolles, ya mwaka 1981, huzitupa zile zisizokubaliana na wengi. Kwa vipande viwili vya laha moja, vilivyoskaniwa mbalimbali kwa sababu skana ni ndogo, mbinu hizo ni za kusifiwa bila kusita. Kwa ramani za zama tofauti, kanuni ya wengi ina walakini ambao kila mhakiki wa miswada anaujua: nakala kumi zilizonakiliwa kutoka asili moja ni shahidi mmoja. Wachora ramani walinakiliana. Nukta moja iliyotupwa kwa kuwa peke yake yaweza kuwa ndiyo iliyopimwa uwanjani.

Suala la Speke linaonyesha vema gharama yake. Wasafiri wa zama zake walipata latitudo kwa usahihi wa kuridhisha kwa kupima jua na nyota, ila longitudo, inayotegemea kujua saa sahihi, iliwatatiza. Kwa hiyo katika ramani kama yake mtu atazamie kosa kubwa zaidi kwa upande wa mashariki na magharibi. Polinomia ya daraja la tatu italifuta kosa hilo, na taswira itapendeza. Lakini pamoja na kosa utafutika ushahidi wa namna ramani ilivyotengenezwa, na majina yaliyoandikwa pembezoni yatavutwa hadi vilima ambavyo mwandishi hakuvikusudia. Jina likishakaa juu ya kilima kisicho chake na kuingizwa katika kamusi au atlasi, watakaolinukuu baadaye hawataiona ramani, wataiona kamusi.

Kwa sababu hiyo taswira ya awali ihifadhiwe bila kuguswa, na pamoja nayo orodha ya nukta zilizotumika, mgeuzo uliochaguliwa na baki la kila nukta, si wastani peke yake. Kila jina liandikwe kama lilivyo katika ramani, na umbo la Runyambo katika safu nyingine. Mwaka nao uandikwe. Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012, hivyo “wilaya ya Karagwe” katika kumbukumbu za mwaka 2005 inajumuisha Murongo na Kaisho, na katika za mwaka 2015 haizijumuishi. Mwaka 2019 Pori la Akiba la Rumanyika Orugundu lilipandishwa hadhi na kuitwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe. “Orugundu” halimo tena katika jina rasmi, na ramani iliyochorwa kabla ya hapo ndiyo inayolionyesha.