Anayeisemea Zahanati ya Mashamba



Maneno ya leo yahusu amana ambayo wengi huichukua bila ya kuipima uzito wake, nayo ni amana ya kuwasemea wengine. Chama cha watu wengi kina kinywa kimoja. Mia hukusanyika, lakini mbele ya waziri huingia mmoja. Basi yafaa kuuliza: huyo mmoja akisema, husema maneno ya nani? Swali hili lazihusu jumuiya zote, lakini katika mambo ya afya lina uzito zaidi, kwa kuwa asiyesemewa huko hukosa dawa, na akosaye dawa aweza kukosa maisha.

Katika nchi ya Uganda tiba ya kisasa ilianza mikononi mwa wamishonari. Hospitali ya Mengo ilianzishwa mwaka 1897 na Daktari Albert Cook, na ile ya Nsambya mwaka 1903 kwa kazi ya masista wa Kikatoliki waliokuja na Mother Kevin. Waislamu walichelewa. Elimu iliyotoa wauguzi na wakunga ilikuwa katika shule za misheni, na wazee wengi walichelea kuwapeleka watoto huko wasije wakabatizwa. Hata ilipofika miaka ya 1950, Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa na vituo vingi vya tiba, na kila upande ukaunda idara moja ya kuvisemea mbele ya serikali. Waislamu walipata idara yao mwishoni mwa miaka ya 1990, nayo ndiyo ijulikanayo kwa jina la Uganda Muslim Medical Bureau. Baadaye Waorthodoksi nao wakawa na yao.

Sasa watazamwe wanachama wa Idara hiyo ya Waislamu, kwa kuwa hapo ndipo penye jambo. Yumo Kibuli, hospitali iliyo juu ya mlima ambao Mwanamfalme Badru Kakungulu aliutolea ardhi kwa ajili ya msikiti na shule. Yumo Saidina Abubakar huko Wattuba, katika wilaya ya Wakiso. Yumo Oriajini, upande wa Arua, mbali sana na Kampala. Hizo ni hospitali. Lakini wanachama walio wengi si hospitali. Ni vituo vidogo. Katika mpango wa nchi hii, kituo cha ngazi ya pili hutumikia muluka, cha ngazi ya tatu hutumikia gombolola na kuzalisha wanawake, na cha ngazi ya nne hutumikia saza, nacho hutakiwa kuwa na daktari na chumba cha kupasulia. Kituo cha muluka mara nyingi ni nyumba ya vyumba vichache kando ya msikiti, mwuguzi mmoja, jokofu la chanjo, na mtungi wa maji uliotoka kisimani.

Hawa wote ni wanachama wa chama kimoja, na kila mmoja aitwa mwanachama sawasawa na mwenziwe. Lakini haja zao hazifanani. Hospitali ya mjini yahitaji mashine na madaktari bingwa. Kituo cha mashamba chahitaji dawa ya malaria isikatike, na mkunga asihame. Hospitali ina wagonjwa wanaolipiwa na makampuni yao. Kituo kina mkulima ambaye fedha yake haipo mpaka kahawa ichumwe.

Tofauti hii ilidhihiri mwaka 2001. Mwezi wa Machi mwaka huo serikali iliondoa malipo katika vituo vyake, zikasalia sehemu za kulipia katika hospitali zake tu. Maskini walifurahi, na ilikuwa haki yao kufurahi. Lakini kituo cha dini, ambacho hupata msaada wa serikali kwa sehemu tu, hakikuweza kuacha kutoza. Mgonjwa akaenda kwa serikali siku yenye dawa, akarudi kwa Waislamu siku ambayo dawa zimekwisha. Na serikali ilipoajiri wauguzi kwa mshahara ulio bora, wengi walitoka katika vituo vya dini wakaenda huko. Hospitali kubwa ilitikisika ikasimama. Kituo cha muluka, akiondoka mkunga wake mmoja, hufunga mlango wa uzazi.

Basi mtu atakayekwenda Wizarani kuwasemea wote hao, ataanza na lipi? Wizara ya Afya inayo kamati ya kushauriana juu ya mipango ya afya, na idara za tiba za dini hupewa nafasi humo. Nafasi ni chache, na aketiye aghalabu ni mtu wa Kampala, kwa kuwa mkutano uko Kampala na nauli ni kubwa. Hapana ubaya kuwa mtu wa Kampala. Ubaya ni kusema habari za muluka asioufikia. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwenye kulala kwenye taa ya umeme aweza kusahau kutaja taa ya kandili ambayo mkunga wa mashamba huzalishia, wala hasahau kwa ubaya wa moyo. Husahau kwa sababu haimo machoni pake.

Mfano mwema wapatikana katika nchi hii hii, miongoni mwa watu wa Kigezi. Huko kwenye milima, ambako gari halikufika, watu wa kila kijiji walikuwa na chama cha machela, wakakiita engozi. Mgonjwa alilazwa juu ya machela, na wanaume wakapokezana mabega mpaka hospitalini. Na akifa, wao ndio waliomrudisha na kumzika. Mwaka 1996 Hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha mpango wa watu kutoa fedha kabla ya ugonjwa, ili siku ya ugonjwa wasishindwe, haikuwaandikisha watu mmoja mmoja. Ilikwenda kwa vyama vya machela, kikundi kikaingia kwa jina la kikundi. Maana akiruhusiwa kila mtu kuingia peke yake, wataingia wagonjwa tu, na mfuko utapasuka. Na wakichaguliwa wenye mali, maskini watabaki nje.

Katika jambo hilo limo fundisho la uwakilishi. Mwenye kukisemea chama cha machela ni mtu aliyekwisha kubeba. Bega lake layajua mawe ya njia ile na umbali wa safari. Watu hawamwulizi ana cheo gani, kwa kuwa walimwona usiku wa mvua. Na ambaye leo anabebwa, kesho hubeba. Hivyo hakuna awezaye kumdharau mwenziwe kwa kuwa ni mnyonge.

Mfano wa pili uko karibu na hapo. Msitu wa Bwindi ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Wabatwa waliokuwa wakiishi humo waliondolewa, wakawa watu wasio na shamba wala ng'ombe. Mwaka 2003 daktari wa Kimarekani, Scott Kellermann, alianza kuwatibu chini ya mti. Tiba ile ya chini ya mti ikakua ikawa Hospitali ya Jamii ya Bwindi, ambayo leo hutibu watu wote wa pande zile. Ilianza kwa mdogo, ikawafikia wakubwa. Vyama vingi hufanya kinyume: huanza kwa wakubwa, vikitumaini kwamba makombo yatamfikia mdogo.

Haya yote si mageni kwa Mwislamu. Sura ya 42 ya Kurani Tukufu yaitwa Shura, yaani kushauriana, na ushauri hauwi ushauri wakishauriana wenye kauli moja na hali moja. Basi kwa chama cha tiba, na kwa jumuiya yoyote iwayo, mambo manne yafaa kushikwa.

La kwanza, vituo vidogo vipewe kiti chao wenyewe katika kamati, wala visisemewe na hospitali. Viti vigawanywe kwa pande za nchi, ili Arua na Iganga, Mbale na Mbarara, zisikike pamoja na Kampala. Na mkutano mara moja moja ufanyike huko mashambani, ili wakubwa nao waonje nauli.

La pili, mkunga na mama wa kijiji wawe miongoni mwa wasemaji. Kazi iliyo kubwa katika kituo cha mashamba ni ya wanawake na watoto, na ni ajabu kamati ya wanaume watupu kuamua juu ya chumba cha uzazi ambacho hakuna hata mmoja wao aingiaye.

La tatu, kituo nacho kina wajibu. Anayetaka kusemewa na alete hesabu zake: wagonjwa wangapi, dawa gani zilikwisha, watoto wangapi walichanjwa. Mwakilishi asiye na hesabu huingia Wizarani na malalamiko, naye hujibiwa kwa pole. Mwenye hesabu hujibiwa kwa vitendo. Kituo kinachoficha daftari lake kimejinyamazisha chenyewe.

La nne, ikumbukwe kwamba mwanachama si mwenye kituo peke yake. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2014, Waislamu wa Uganda walikuwa kiasi cha watu 14 katika kila 100. Kwa hiyo katika vijiji vingi aingiaye mlango wa kituo cha Waislamu ni jirani Mkristo. Naye hana kiti katika kamati, lakini ana haki, na haki yake imo shingoni mwa wenye viti. Idara za Kikatoliki na Kiprotestanti, ambazo wazee wao walishindana vikali katika nchi hii, mwaka 1979, wakati wa vita na uhaba, ziliunda pamoja bohari moja ya dawa hapa Kampala, na vituo vya dini mbalimbali hununua humo. Ugonjwa uliwafundisha yale ambayo mahubiri hayakuwafundisha.

Limebaki jambo zito, wala halifai kufichwa katika kijitabu cha ukumbusho. Waislamu wa Uganda wamefarakana zaidi ya mara moja. Baada ya kufa kwa Mwanamfalme Nuhu Mbogo mwaka 1921, walihitilafiana juu ya sala ya adhuhuri siku ya Ijumaa, wakawa makundi mawili kwa miaka mingi. Na mwaka 2009 watu wa upande wa Kibuli waliweka Mufti wao, mbali na yule wa Old Kampala. Wanavyuoni na wawe na hoja zao. Lakini mtoto mwenye homa ya malaria hana upande. Siku kituo cha muluka kitakapoulizwa, kabla ya kupewa dawa, ni cha mlima upi, siku hiyo chama kitakuwa kimeacha kuwasemea wanachama na kuanza kuwasemea wakubwa.

Enyi ndugu, chama ni machela. Wako walio mbele na wako walio nyuma, warefu na wafupi, na njia ni ya mlima. Akiinua mrefu peke yake, mgonjwa huteremka upande mmoja. Wakipimana mabega, hufika.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa, awalipe kheri wauguzi na wakunga wa mashamba, na awajaalie wenye kusema kwa niaba ya wengine waseme kweli. Amin.