Kiberiti Katika Mpira
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Sisi watu wa reli twashika mpira kila siku: mipira ya breki kati ya mabehewa, mipira ya kuzuia maji yasivuje katika mabomba, hata buti za mvua. Ni wachache kati yetu waliouliza unavyotengenezwa.

Utomvu wa mti peke yake haufai. Jua likiwaka hunata kama gundi, baridi ikija hukakamaa. Mwaka 1839, huko Marekani, Charles Goodyear aliona kwamba ukichanganywa na kiberiti na kupikwa kwa moto, tabia hiyo hukoma. Si kiberiti cha kuwashia sigara, ni ule unga wa manjano. Kiberiti hufunga nyuzi za mpira pamoja kama mafundo ya wavu, hata ukiuvuta hurudi mahali pake. Ratili 2 au 3 katika ratili 100 za mpira zatosha. Ukitia 30 na zaidi wapata kitu kigumu kama pembe. Goodyear mwenyewe alikufa mwaka 1860 na madeni yake.

Sasa sikilizeni habari za wafanya kazi. Mwaka 1846 Mwingereza Alexander Parkes alipata njia isiyohitaji moto. Vitu vyembamba vilichovywa katika maji makali yaitwayo kaboni disalfaidi, yaliyotiwa dawa ya kiberiti. Maji hayo hukauka upesi sana, na mvuke wake huvutwa na yule anayechovya. Mwaka 1856 daktari Auguste Delpech wa Paris alieleza hali ya watu hao: kichwa kuuma, miguu kulegea, hasira za ghafula, hata akili kuvurugika. Kazi iliendelea vivyo hivyo. Ilibidi sheria iingie kati. Kanuni za Uingereza za mwaka 1922 zilikataza mtu kufanya kazi hiyo zaidi ya saa 5 kwa siku. Matajiri hawakuzitoa saa hizo kwa huruma.

Ndugu, katika karakana yetu yako makopo ya solusheni ya kubandikia mpira. Tunayatumia milango ikiwa imefungwa, na jioni wengine wetu hutoka na kizunguzungu tukisema ni uchovu. Tunataka madirisha yafunguliwe, na tuambiwe kilichomo. Kila mmoja anakili maandishi ya kopo analotumia, ampe katibu wa tawi kabla ya Jumamosi, ili wajumbe wetu wakienda kwa msimamizi wawe na majina mkononi.