Piesi za gari letu: numero kwanza, feza nyuma

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka)



Tunajua swali mulilokuja nalo: ile Land Cruiser ya zamani iliyo chini ya muembe itatembea lini? Mgonjwa bado anapelekwa hospitali kwa pikipiki, na mihogo ya wenzetu inakawia shambani. Ndiyo sababu tunataka kila mutu ajue namna tunavyotafuta piesi, juu feza ya kuzinunua ni jasho lenu.

La kwanza, gari inajisema yenyewe. Kwenye plake ya bati kumeandikwa HJ47. J ni Land Cruiser. Herufi ya mbele ni moteri. BJ ni mazuti, silinda 4. HJ ni mazuti, silinda 6. FJ ni esansi. Lakini gari ya miaka zaidi ya 40 imepita mikono mingi, na moteri inaweza kuwa ilibadilishwa. Kwa hiyo tulisoma pia alama kwenye moteri: 2H. Ni ya kwake. Na moteri hiyo ilifungwa tena ndani ya HJ60 na HJ75, basi piesi nyingi za moteri tunaweza kuzipata huko pia.

La pili, umeme. Gari hizi zingine ni volti 12, zingine 24. Kuona betri mbili haitoshi, maana zinaweza kuunganishwa zikatoa 12 au 24. Soma demareri yenyewe. Yetu ni 12.

La tatu, majina yanatuchanganya. Huku tunasema freni, ambreyaji, rulema. Kule Kigoma wanasema breki, klachi, beringi. Numero haina luga. Numero ya Toyota iko na tarakimu 10: tano za kwanza zinasema ni piesi gani, tano za nyuma zinasema ni ya namna gani hasa. Rulema nayo imeandikwa kwenye chuma chake. Ile ya 6205 iko na tundu la milimita 25, upana wa inje 52, unene 15, hata itoke inchi gani.

La ine, piesi ya zamani haitupwi. Inakaa ndani ya sanduku mpaka mpya imekaa vizuri na gari imetembea. Meno yanahesabiwa, upana unapimwa, ndipo feza inatoka. Vitu vya moteri tunakubali vilivyotumika, kama mekanisia amevikagua. Vya freni hapana: vinanunuliwa vipya, kwa sababu gari hii itabeba watu.

Kila ununuzi unaandikwa ndani ya kitabu: numero, bei, risiti, na majina ya watu wawili waliokuwepo. Kitabu kiko wazi kwa mwanachama na kwa mfadhili.

Bado tunatafuta demareri, sahani ya ambreyaji na mipira ya freni. Wenzetu mulioko Kigoma na Bujumbura, ombeni kwetu numero na picha mbele ya kuingia dukani. Ukiona piesi, tuma kwanza picha ya numero yake. Tukijibu «ndiyo», basi nunua.